2,147,483,647 ilithibitishwaje kuwa nambari tasa bila kompyuta?

Mkaazi wa Kondele, Kisumu
Hamjambo walimu. Nimesoma kwamba mwaka 1772 mwanahisabati Euler alithibitisha kwamba 2,147,483,647, yaani 2 kwa kipeo cha 31 ukiondoa 1, ni nambari tasa. Nilipojaribu kuigawa kwa kila nambari tasa, kurasa za daftari ziliniishia kabla sijafika 500. Yeye alitumia njia gani?

Mwalimu wa Hesabu, Nakuru
Ndugu, ulijitwika kazi ya bure. Kwanza, hakuna haja ya kupita kipeuo chake cha pili, ambacho hakifiki 46,341. Pili, na hapa ndipo penye utamu, kigawo chochote tasa cha nambari hii sharti kibakishe 1 au 63 kinapogawanywa kwa 248, hivyo vinavyostahili kujaribiwa havifiki 400. Cha kwanza ni 311: ukikizidisha kwa 6,905,092 unapata 2,147,483,612, kisha inabaki 35, kwa hivyo kinaondolewa.

Msomaji, Kakamega
Naongeza tahadhari moja, kwa kuwa wengi hukosea hapa: kipeo kuwa tasa hakutoshi kuifanya nambari yenyewe iwe tasa. 2 kwa kipeo cha 11 ukiondoa 1 ni 2,047, ambayo ni 23 mara 89.

Mkaazi wa Kondele, Kisumu
Ahsante, Mwalimu. Baada ya 311 nimeruka moja kwa moja hadi 1,303, kwa sababu zote za katikati zinazobakisha 1 au 63 zikigawanywa kwa 248 si tasa, na nilipogawa kwa 1,303 imebaki 226. Daftari jipya litatosha.