Mrejesho: PhD au PsyD ya saikolojia tiba, nimeshaamua

Habari zenu wapendwa. Mwaka jana niliwauliza: kama nia yangu ni kutibu watu, nisome PhD, yenye utafiti mwingi, au PsyD, shahada ya udaktari wa saikolojia inayoegemea zaidi kutibu? Wengi mlisema nisihangaike na jina la shahada, niangalie nani atanisimamia. Mlisema kweli tupu.

Nilidhani PhD ni kukesha na takwimu tu. Kumbe tangu mkutano wa wanasaikolojia wa Boulder, Colorado, mwaka 1949, shabaha ya mafunzo hayo Marekani ilikuwa mtu mmoja awe mtafiti na mtabibu. PsyD ilipata nguvu baada ya mkutano wao mwingine wa Vail, 1973. Nimechukua PhD, na wateja ninao.

Ila kinachonifunza hasa ni usimamizi. Kikao changu cha kwanza kilirekodiwa kwa ridhaa ya mteja. Msimamizi akasimamisha rekodi pale mteja aliponyamaza. Sekunde nne tu, nikawa nimeshamrushia swali. Akaniuliza taratibu: "Swali hili lilikuwa la kumsaidia yeye, au la kukutuliza wewe?" Nilikosa jibu. Wiki iliyofuata niliuvumilia ule ukimya, mikono imenilowa jasho, na mteja mwenyewe akaendelea, tena kwa undani zaidi.

Tasnifu bado, na mwaka mzima wa mafunzo kwa vitendo unanisubiri kabla ya kuhitimu. Na wewe uliyenisihi nitafute mtaalamu wangu mwenyewe wa kuzungumza naye, nimeanza. Asante sana, nilikuwa nahitaji kuliko nilivyojua.