Ushauri: mdogo wangu mmisionari anaumwa, wenzake wanataka arudi shambani kwa imani

Dada wa Same
Habari za jioni wakuu. Huwa nasoma tu humu, sijawahi kuanzisha uzi, mnivumilie.

Mdogo wangu wa kiume ana miaka 24. Alipomaliza chuo hakutafuta ajira, alijiunga na kikundi cha vijana wa umisheni wakapelekwa kwa wafugaji huko Kiteto. Siku za kazi anafundisha watoto kusoma, Jumapili anahubiri chini ya mti. Amerudi nyumbani amekonda mpaka suruali anaifunga kwa kamba. Kanisa limemwombea, tumefunga, na kuna kipindi alipata nafuu kubwa hadi akatoa ushuhuda madhabahuni. Sasa hali imebadilika tena. Viongozi wa kikundi wanasema adui anapiga vita wito wake, mwisho wa mwezi arudi shambani, yaani kwenye umisheni Kiteto. Mwenyewe anataka.

Je, nikimzuia nitakuwa napigana na Mungu? Naombeni hekima, usingizi sina.

Mtumishi Eliya
Dada, umejijibu mwenyewe. Soma Matendo 5:39. Waiteni wazee wa kanisa wampake mafuta, Yakobo 5:14, na nyumba nzima ifunge siku tatu kavu. Wito hauombi ruhusa kwa ndugu.

Chapati Mbili
Ana mchumba? Namuulizia mtu.

Babu wa Upareni
Umenikumbusha 2011, kikombe cha Samunge, ile dawa ya Babu wa Loliondo. Sisi tulikodi Noah watu kumi na mmoja, foleni ya magari haina mwanzo wala mwisho, tumelala njiani kwenye vumbi, maji ya kunywa yanauzwa bei ya soda. Kikombe chenyewe shilingi 500 tu, ila nauli iliniuzisha mbuzi. Mwenzetu mmoja kwenye gari alikuwa anaimba pambio moja usiku kucha, la kwake mwenyewe, halina hata kibwagizo. Basi, watu tunatoka mbali na imani. Ugua pole kwa mdogo wako.

Nesi wa Zamu ya Usiku
Pole dada. Umeandika yote isipokuwa jina la ugonjwa. Anaumwa nini?

Dada wa Same
Ahsanteni wote. Ni kifua tu kinamsumbua, na uchovu. Mabadiliko ya hali ya hewa nayo yanachangia. Swali langu lilikuwa la kiroho zaidi.

Nesi wa Zamu ya Usiku
Kifua kinachomfanya mtu afunge suruali kwa kamba si cha hali ya hewa. Amepimwa makohozi? Kanisa zima limesikia ushuhuda, halafu sisi tusiomjua ndio unatuficha?

Mzee wa Kwaya
Jibu swali la nesi, dada. Wakati unatafakari, soma Wafilipi 2. Epafrodito alikuwa mmisionari, akaugua nusura afe, na Paulo hakumrudisha kazini, alimrudisha kwao. Trofimo naye aliachwa Mileto akiwa mgonjwa. Paulo huyu ndiye ambaye leso zake zilikuwa zinaponya watu. Mbona hakuna aliyewaambia wamekosa imani?

Dada wa Same
Sawa. Ni TB. Sikuandika kwa sababu huku kwetu mtu akisikia TB anaongeza na mengine ambayo hana. Alipimwa, akaanzishiwa dawa, mimi nikaandikwa kwenye kadi kuwa msimamizi wake. Mwezi wa pili wa dawa akawa mzima kabisa, anakula ugali wa watu wawili. Hapo ndipo alipotoa ushuhuda, na baada ya ushuhuda akasema kuendelea kumeza ni kumfanya Mungu mwongo. Ana wiki tatu tangu aache. Mkojo wake ni mwekundu kama soda ya machungwa, hata juzi nimeuona, na wenzake wanasema ndiyo sumu ya ugonjwa inatoka. Sijakaa kimya jamani, nimefanya ninachoweza. Msinihukumu.

Msoma Nyuzi
Nilikuwa nasoma kwa huruma, sasa nimekaa sawa. Nilitumia dawa hizo 2019. Mkojo mwekundu unaletwa na dawa yenyewe, rifampisini. Hata jasho na machozi hubadilika rangi. Ukiacha, siku mbili nyingi, mkojo unarudi kawaida. Wiki tatu hajameza halafu juzi mkojo mwekundu? Wakuu, hii ni chai, na ina tangawizi.

Chapati Mbili
Sogezeni vikombe 😂

Mtumishi Eliya
Kumbe tumefungishwa kwa ajili ya hadithi? Mungu hadhihakiwi.

Nesi wa Zamu ya Usiku
Msoma Nyuzi yuko sahihi kuhusu rangi. Dada, ama umetunga, ama kuna mtu anampa dawa. Ni lipi?

Dada wa Same
Sijatunga.

Kliniki dawa naenda kuchukua mimi, na kadi naweka alama mimi. Mama anasaga vidonge kwenye kinu cha vitunguu saumu, anaweka kwenye uji wa ulezi asubuhi. Rangi haionekani. Uchungu tunaufunika kwa ndimu na sukari, yeye analalamika tu kwamba mama siku hizi anazidisha ndimu. Mngekuwa ninyi mngefanyaje, mngemwangalia afe? Mama alisema Mungu atatuelewa. Nami naona anatuelewa.

Msoma Nyuzi
…Aisee. Ndimu. Hilo mtu hatungi.

Mtumishi Eliya
Mmemdanganya mtumishi wa Mungu kwa miezi, akapanda madhabahuni!

Mzee wa Kwaya
Soma vizuri, Eliya. Alipotoa ushuhuda alikuwa anameza mwenyewe. Uji umeanza baadaye. Na hao wanaomwambia dawa ni kukosa imani wamuulize Livingstone, yule mmisionari: mwaka 1867 mtu alitoroka na sanduku lake la dawa, akaandika kwamba alijiona kama amehukumiwa kifo. Alikuwa anaomba kila siku, na kwinini, dawa ya malaria, anameza.

Nesi wa Zamu ya Usiku
Naomba niongee na dada, mengine baadaye.

Moyo wenu nauelewa, ila uji huo uacheni. Siku akibakiza nusu kikombe amepata nusu dozi, siku akiamkia maombi hajapata kabisa, nawe kwenye kadi umeweka alama. Wadudu wa TB wakipewa dawa kidogo kidogo ndipo wanapokuwa sugu. Pia hajui kuwa anameza, kwa hiyo macho yakiwa ya njano au miguu ikifa ganzi hatasema kitu, na hizo ni dalili za madhara ya dawa. Umesema hali imebadilika tena. Hilo ndilo linanitisha kuliko ushuhuda wake.

Matibabu ni miezi sita: dawa nne kwa miezi miwili, kisha mbili kwa minne. Ni bure. Nafuu ya mwezi wa pili ni ya kawaida, haina maana wadudu wameisha. Nenda naye kliniki, beba kadi na vidonge vilivyobaki, sema ukweli wote. Watapima makohozi kwa mashine inayoonyesha kama rifampisini bado inafanya kazi, jibu lenyewe ni la saa mbili tu mashine ikiwepo. Ikionekana usugu, hospitali ya Kibong'oto inayotibu TB sugu si mbali na kwenu. Wanaomtaka Kiteto wanataka akakohoe ndani ya darasa la watoto.

Nyumbani kuna mtoto chini ya miaka mitano?

Dada wa Same
Wangu. Ana miaka mitatu. Hulala kifuani kwa mjomba wake mchana.

Nesi wa Zamu ya Usiku
Aje naye apimwe. Kama hana ugonjwa atapewa dawa ya kinga.

Dada wa Same
Nitaenda Jumatatu. Ila la uji sitamwambia mpaka majibu yatoke. Nikimwambia sasa hatakanyaga kliniki, namjua.

Mzee wa Kwaya
Atakasirika, ndiyo. Mchukue mchungaji mnayemwamini, si wale wa kikundi, aombe naye hapo hapo kliniki. Lakini aambiwe kabla.

Dada wa Same
Mnasema kirahisi. Hamjamwona akilia madhabahuni.

Msoma Nyuzi
Kwa nini Jumatatu? Leo Jumatano.

Dada wa Same
Kliniki yetu inafunguliwa saa ngapi kesho?

Nesi wa Zamu ya Usiku
Nyingi saa moja na nusu, wahini. Avae barakoa, na kwenye daladala akae dirishani, dirisha liwe wazi.