Mapato yote ya umma yakiingia Hazina moja, taasisi iliyoyakusanya inabaki na nini?

Mhasibu_wa_Taasisi aliuliza:

Salaam wanajukwaa. Ninafanya kazi katika kitengo cha uhasibu cha taasisi moja ya umma ambayo, mbali na ruzuku inayopewa na serikali, hukusanya maduhuli yake yenyewe: ada za huduma, tozo za vibali na pango la majengo. Mpaka sasa fedha hizo huingia katika akaunti zetu zilizoko benki za biashara, na akaunti hizo ni kumi na moja. Tumearifiwa kwamba zote zitafungwa, na kila tutakachokusanya kitaingia moja kwa moja katika akaunti jumuifu ya Hazina iliyoko benki kuu, kisha sisi tutaomba mgao kulingana na bajeti iliyoidhinishwa.

Sipingi nidhamu ya fedha. Mimi ndiye ninayeketi na taarifa kumi na moja za benki kila mwisho wa mwezi, nikioanisha stakabadhi na miamala mpaka usiku, na kati ya akaunti hizo zipo mbili ambazo hakuna hata mmoja wetu ofisini anayekumbuka zilifunguliwa kwa ajili gani. Ninachotaka kuelewa ni haya. Serikali inapata faida gani halisi kwa kuziweka fedha hizi mahali pamoja, ikiwa fedha ni zilezile na matumizi ni yaleyale? Na mwananchi aliyelipia kipimo cha maabara, ambaye ana haki ya kukuta vitendanishi (kemikali za kupimia) siku anapokuja kupimwa, analindwa na nini ikiwa fedha aliyolipa imekwenda mbali na maabara hiyo? Ningeshukuru kupata majibu ya watu waliowahi kuufanyia kazi utaratibu huu au waliousoma kwa kina.

Mstaafu_wa_Hazina alijibu:

Ndugu Mhasibu, swali lako la kwanza nitalijibu kwa hesabu, kwa sababu maelezo ya jumla hayamtoshi mtu aliyezoea leja. Tuchukulie kwamba taasisi ishirini za umma zina milioni 500 kila moja, zimelala benki zikisubiri matumizi ya miezi ijayo. Jumla ni bilioni 10. Siku hiyohiyo Hazina imepungukiwa fedha za mishahara, hivyo inauza dhamana za muda mfupi ili ikope bilioni 10. Wanunuzi wake wakubwa ni akina nani? Ni benki zilezile zinazotunza amana za taasisi ishirini. Ikiwa benki inazipa taasisi riba ya asilimia 2 kwa mwaka na inaitoza serikali asilimia 10, basi serikali inalipa asilimia 8 zaidi ili kuazima fedha zake yenyewe. Mambo yakiendelea hivyo mwaka mzima, hizo ni milioni 800 ambazo hazikujenga darasa wala kununua dawa. Takwimu hizi ni za mfano tu, lakini mwenendo wenyewe niliushuhudia kwa miaka mingi nikiwa kazini, na uliniuma. Karatasi ya salio niliyoletewa asubuhi ilionyesha nakisi, ilhali nilijua kwamba mtaa wa pili kuna amana nono za umma ambazo karatasi yangu haikuwa na uwezo wa kuziona.

Hilo la kuona ndilo faida ya pili, na kwangu lina uzito kuliko riba. Asiyejua ana kiasi gani hawezi kupanga amlipe nani lini. Atakopa mapema mno au atachelewa kulipa wazabuni, na mara nyingi atafanya yote mawili ndani ya mwezi mmoja.

Sasa kuhusu utaratibu wenyewe. Wengi hudhani akaunti jumuifu ni kapu ambamo fedha huchanganywa mpaka isijulikane ipi ni ya nani. Sivyo. Fedha hukaa mahali pamoja, lakini leja za taasisi hubaki mbalimbali, na kila senti huandikwa kwa jina la aliyeikusanya. Katika mpangilio mmoja unaotumika sana, taasisi huachiwa akaunti ya salio sifuri: makusanyo yanayoingia mchana huhamishiwa akaunti kuu jioni, na hati ya malipo iliyoidhinishwa inapofika benki, akaunti kuu hutoa kiasi kilekile kinachohitajika, si zaidi. Kwa hiyo mahali fedha zinapolala ni suala moja, na nani ana mamlaka ya kuzitumia ni suala jingine kabisa. Afisa masuhuli wako, yaani mkuu anayewajibika kwa fedha za taasisi, anaweza kubaki na mamlaka yake yote juu ya kasma zake (mafungu ya bajeti aliyoidhinishiwa) hata kama hana akaunti hata moja katika benki ya biashara. Taasisi huumia pale serikali inapoyachanganya mambo haya mawili, ikachukua fedha na pamoja nazo ikachukua uamuzi.

Msomaji_wa_Historia alijibu:

Naomba niendelee pale alipoishia Mzee Mstaafu, kwa kuwa jambo hili lina umri mrefu kuliko benki kuu nyingi.

Uingereza ya karne ya 18 ilikuwa na desturi ya kufunga kila ushuru na mfuko wake. Kodi mpya ilipotungwa ili kulipia deni fulani, mapato yake yalitengwa kwa deni hilo, kiasi kwamba bidhaa moja inayopita forodhani iliweza kudaiwa tozo kadhaa, kila moja ikikokotolewa peke yake na kuandikwa katika hesabu yake. Mwaka 1787 waziri mkuu William Pitt Mdogo aliwasilisha bungeni maazimio zaidi ya 2,500 ili kuzifuta tozo hizo na kuweka kiwango kimoja kwa kila bidhaa, na mapato yote yakaelekezwa katika mfuko mmoja ambao ndio asili ya kile tunachokiita leo Mfuko Mkuu wa Hazina. Deni la taifa, ambalo awali liliegemea vijifuko, sasa liliegemea mapato yote ya nchi.

Lakini kisa ninachokiona kina mafunzo zaidi kwa Ndugu Mhasibu ni cha miaka michache kabla ya hapo. Ofisa aliyekuwa mlipaji wa majeshi ya Uingereza alikabidhiwa fedha za jeshi na kuruhusiwa kukaa nazo mpaka hesabu zake zikaguliwe na kufungwa, na ukaguzi huo ulichukua miaka mingi. Katikati ya muda huo aliziwekeza, na faida ikawa yake. Henry Fox, aliyeshika wadhifa huo kuanzia 1757 hadi 1765, alitajirika kwa njia hiyo, na bakaa kubwa iliendelea kuwa mikononi mwake muda mrefu baada ya kuondoka ofisini. Desturi ya wakati ule iliruhusu, na hapo ndipo penye uzito: umma ulipoteza fedha bila mtu yeyote kuhitaji kughushi hati. Mwaka 1782, kwa juhudi za mbunge Edmund Burke, bunge lilipitisha sheria ya kuzihamishia fedha hizo Benki ya Uingereza, zikae kwa jina la ofisi badala ya jina la mtu. Sheria ya ukaguzi ya mwaka 1866 ilikuja kuukamilisha mlolongo huo kwa kuunganisha katika cheo kimoja kazi ya kuidhinisha utoaji wa fedha na kazi ya kukagua hesabu.

Ufaransa nayo ni mfano wa upande wa pili. Chini ya wafalme, watunza fedha wengi walinunua vyeo vyao, kila mmoja akawa na sanduku lake, na wapokeaji wa kodi walimkopesha mfalme kwa riba kwa kutegemea kodi walizokuwa wakimkusanyia yeye mwenyewe. Ni ule mfano wa Mzee Mstaafu, miaka zaidi ya mia mbili iliyopita. Machi 1788 waziri Loménie de Brienne aliyaunganisha masanduku hayo kuwa hazina moja ya kifalme. Agosti mwaka huohuo hazina hiyo ilisitisha sehemu ya malipo yake. Mageuzi yenyewe yalikuwa sahihi, lakini hazina moja hukuonyesha ukubwa wa shimo, haikujazii.

Mratibu_wa_Huduma alijibu:

Nimewasoma kwa makini, wazee wangu, na sina ubishi na hesabu wala historia. Ninachotaka kiwekwe mezani ni kile kinachotokea chini, mahali huduma inapotolewa.

Taasisi niliyofanyia kazi awali, ambayo sitaitaja, iliingizwa katika utaratibu huu. Makusanyo ya robo ya kwanza yalikwenda kama ilivyotakiwa. Tuliomba mgao wa kununua vitendanishi, bajeti ikiwepo, kasma ikiwa na salio, na mgao huo ulitufikia katika robo ya tatu. Katika kipindi hicho mashine ya vipimo vya damu ilikuwa nzima, fundi alikuwepo, umeme ulikuwepo, na jokofu la vitendanishi lilikuwa tupu. Nakumbuka mama mmoja alinionyesha stakabadhi yake, akaniuliza kwa upole kama fedha yake ilikuwa bado haijafika. Ilikuwa imefika siku ileile aliyolipa. Haikuwa imerudi.

Kinachofuata baada ya hapo kila mtu anakijua ingawa hakiandikwi: wakusanyaji hukosa ari ya kukusanya, na baadhi huanza kupokea fedha taslimu bila kuziingiza katika mfumo. Hapo utaratibu uliokusudiwa kuziba mianya huwa umefungua mwingine.

Ningependa pia tusisahau kwamba si kila fedha iliyo mikononi mwa chombo cha umma ni mapato ya serikali. Michango ya wanachama wa mfuko wa pensheni ni mali ya wanachama. Dhamana aliyoweka mzabuni itarejeshwa kwake. Kuzifagia hizo pamoja na maduhuli ni kukopa kwa mtu bila kumwomba.

Na kasi nayo ina gharama. Nigeria ilitoa agizo la akaunti moja ya Hazina Agosti 2015 na kuweka ukomo wa tarehe 15 Septemba mwaka huohuo. Msingi wa kisheria ulikuwepo, kwa kuwa katiba yao ya mwaka 1999 inataka mapato ya shirikisho yaingie katika mfuko mmoja, lakini benki za biashara zilipoteza amana nyingi kwa mkupuo, na ada ya asilimia 1 iliyotozwa kwenye makusanyo yaliyopita katika mfumo wa malipo ilizua mjadala mkali hadi katika baraza la seneti.

Mhasibu_wa_Taasisi aliandika tena:

Ninawashukuru nyote. Maneno ya Dada Mratibu yamegusa hasa hofu yangu. Mzee Mstaafu, nikubali kwamba leja yetu itabaki yetu. Je, ni kitu gani kinachoilazimisha Hazina kutupa fedha zetu kwa wakati, hasa mwezi ambao yenyewe imebanwa?

Mstaafu_wa_Hazina alijibu:

Dada Mratibu amesema kweli, na sitaifunika. Hazina iliyobanwa hushawishika kulipa kwanza yule anayepiga kelele zaidi, na jokofu la maabara halipigi kelele. Kinga ya kwanza ni sheria: Brazil iliandika katika katiba yake ya mwaka 1988 kwamba fedha za serikali kuu ziwekwe benki kuu, na nchi yoyote inayoweza kuandika wajibu wa kuingiza inaweza pia kuandika wajibu wa kutoa, kwamba makusanyo yaliyotengewa huduma fulani yatapatikana ndani ya siku kadhaa tangu ombi kuwasilishwa, na kwamba ofisa anayechelewesha atoe sababu kwa maandishi. Kinga ya pili ni kalenda ya mgao inayotolewa mapema kwa robo nzima, ambayo nanyi mtailisha kwa makadirio ya kweli ya mtiririko wa fedha zenu. Taasisi nyingi huandika makadirio hayo kwa kugawanya bajeti ya mwaka kwa kumi na mbili, kisha hulalamika mwezi wenye mahitaji makubwa unapofika. Ombeni pia haki ya kuliona salio la leja yenu kila siku katika mfumo, maana taasisi inayoliona salio lake ina hoja mkononi inapodai.

Jambo la mwisho linahusu zile akaunti mbili zisizo na historia. Msizifunge kwa haraka ili kutimiza tarehe. Iandikieni benki iwape orodha ya watia saini, hati za ufunguzi na miamala tangu siku ya kwanza, muone kama kuna dhamana ya mzabuni au fedha ya mfadhili iliyosahaulika humo, na muulize kama zipo hundi zilizotolewa ambazo hazijawasilishwa. Majibu hayo mtayahitaji kabla bakaa haijahamishwa, kwa kuwa baada ya hapo atakayekuja kudai ataelekezwa Hazina, na Hazina haitakuwa na jalada lake.