Msimamizi wa apartment anayekaa humohumo: tupeane uzoefu

Ngazi za Sinza: Wakuu, kwema? Tumeletewa msimamizi mpya, anakaa chumba cha chini pale getini. Juzi pampu imekufa usiku, tulipoamka fundi keshaondoka na maji yanatoka. Nikamkumbuka yule wa zamani: ukimpigia kuhusu maji anakuuliza, "Kwani wenzako wanasemaje?" Mliowahi kupata msimamizi wa maana, alikuwa na nini? Mwageni.

Mama Tunu: Wa kwetu Tabata alijua kuandika, basi. Oktoba 2022 mto Ruvu ulipopungua na DAWASA, watu wa maji wa Dar, wakaanza mgao, tulichangishana boza. Risiti ya kila boza anaibandika ngazini, na asiyelipa jina lake hapo hapo. Maji anayafungulia kwa zamu, kila ghorofa na saa yake. Mwenye jengo mwenyewe alichelewesha hela ya pampu, akabandikwa.

Kobe wa Mbezi: Naunga mkono. Daftari kwanza, ukali baadaye.

Mpangaji Sugu: Mimi namtaka anayejua habari ya kodi ya jengo. Tangu 2021 inakatwa kwenye LUKU. Anayenunua umeme ni mimi, mwenye deni ni mwenye jengo. Wa kwetu anaandika makato ya kila mita, siku ya kulipa pango anayatoa. Wangapi humu mnafanyiwa hivyo?

Kobe wa Mbezi: Ukiidai hiyo unapandishiwa pango. Kaa kimya ule ugali wako.

Mpangaji Sugu: Ndiyo maana mnaonewa.

Kobe wa Mbezi: Sawa mheshimiwa wakili.

Mzee wa Breka: Acheni hizo, ngoja niwape ya Kijitonyama. Usiku, mvua inapiga, gesi inanuka kuanzia ghorofa ya pili mpaka chini. Mpangaji kasafiri, kaacha mtungi haujafungwa, simu haipatikani. Kila mtu anataka kuwasha taa aone kuna nini. Babu, ndivyo tulivyomwita msimamizi, akafoka: "Asiguse mtu swichi! Kengele msibonyeze, gongeni kwa ngumi!" Akatoka nje kukata umeme kwenye mita za getini. Vijana akatugawia ghorofa. Mimi ya nne, kwa bibi mmoja masikio yamechoka. "Usigonge, hatasikia. Sukuma, komeo lake bovu, nilikuwa nimtengenezee kesho." Hata komeo la bibi analijua! Watu wote nje, wengine na kanga tu, bibi kanishika mkono ananiuliza harusi ya nani. Babu akarudi juu peke yake na ufunguo wa akiba, akafunga mtungi, akaacha madirisha wazi. Mpira wa jiko ulikuwa umetafunwa na panya. Yule mpangaji karudi, badala ya ahsante akaenda kumshtaki Babu kwa mjumbe: kaingia kwake bila ruhusa, na feni haionekani.

Mama Tunu: FENI??

Kijana wa Ubungo: Hii chai. Tena ya rangi.

Mzee wa Breka: Nenda kamuulize mjumbe.

Dada Mwarobaini: Mimi niko upande wa huyo mpangaji. Msimamizi anakaaje na ufunguo wa kwangu? Siku ya kwanza nabadilisha kitasa.

Ngazi za Sinza: Na gesi ikivuja dada yangu?

Dada Mwarobaini: Avunje, nitalipa mlango. Mlinzi wa zamani alikuwa anaingia kwangu kuangalia mpira kwenye TV nikiwa kazini.

Mama Tunu: Ufunguo uwe kwenye bahasha, umesaini juu. Ikichanwa, aseme kwa nini.

Wa Roysambu: Huku Nairobi keyateka wetu ni mtu poa, stima ikipotea anafika na tochi kabla hujamaliza kulalamika. Lakini ngoja siku ya kuhama. Anakagua ukuta kama daktari, kila msumari unakatwa kwenye diposit.

Mbongo Oakland: Huku California sheria inataka jengo la nyumba 16 na kuendelea liwe na msimamizi au mtu mwingine wa kuwajibika anayeishi humo, kama mwenye jengo haishi hapo. Kazi hiyo nimeifanya. Usipojua kutofautisha dharura utakonda. Maji yanadondokea kwa jirani wa chini, unaamka. Balbu ya kibarazani, tuonane kesho. Na mwenye jengo akupe fungu la matengenezo madogo, la sivyo wewe ni mpokea lawama tu.

Kobe wa Mbezi: Dawa ni hela ya soda kila mwisho wa mwezi. Utahudumiwa kama balozi.

Mpangaji Sugu: Halafu asiye na soda akae gizani? Nyie ndio mnaowaharibu.

Kijana wa Ubungo: Tumalizie feni kwanza. Ilipatikana?

Mzee wa Breka: Ilikuwa kwa shemeji wa huyo mpangaji, alimwazima mwenyewe akasahau. Babu hakuombwa radhi.

Mama Tunu: Hapo kuna nafasi? Madalali msinifuate inbox.

Mzee wa Breka: Ipo moja, ghorofa ya pili. Pango miezi sita, na ufunguo mmoja unabaki kwa Babu.