Natafuta watu wa kuwalea dende wangu tisa (simbilisi, au cobaye kwa Kifaransa) kabla sijahamia Goma

Mama wa Ibanda (Bukavu)

Nawasalimu nyote mnaofuga wanyama wadogo. Miaka miwili iliyopita nilinunua dende wawili katika soko la Nyawera kwa ajili ya watoto wangu, na muuzaji akaniapia kwamba wote wawili ni majike. Leo ni tisa. Mwezi ujao tunahamia Goma, ambako mume wangu amepata kazi, na mwenye nyumba ametueleza wazi kwamba hataki mnyama yeyote katika kiwanja chake.

Kinachonitia hofu ni jambo lililonipata mwaka jana. Nilimpa jirani dende watatu wazima, wenye manyoya yanayong'aa. Nilipopita kwake baada ya miezi miwili nilimkuta mmoja tu, amefungiwa ndani ya ndoo kuukuu karibu na mbabula (jiko la makaa), katikati ya moshi, bila jani hata moja mbele yake. Dende wangu wanaposikia kisu kikikata majani hupiga mluzi hadi nyumba ya pili. Yule nilimwita mara tatu, akabaki amejikunja tu. Nilijilaumu sana, kwa kuwa nilimkabidhi bila kuuliza lolote.

Naomba mnishauri: nitawagawaje safari hii, na nimuulize nini mtu anayetaka kuwachukua? Tena, je, ni haki kumwomba mtu asiwachinje, hapa kwetu ambako dende ni kitoweo cha watu wengi?

Mfugaji wa Kabare

Mama, pole kwa yaliyokupata. Kabla ya kutafuta mtu yeyote, tenganisha madume na majike leo hii, wala usingoje kesho. Dende jike hubeba mimba kwa siku 59 hadi 72, na saa chache tu baada ya kuzaa anaweza kushika mimba nyingine ikiwa dume yuko naye. Ukimpa mtu majike ambao wamekaa na dume, unampa pia watoto ambao hakuwaomba, na mara nyingi hapo ndipo uzembe unapoanzia: alikubali wawili, sasa ana saba, na majani hayatoshi.

Kumtambua dume si kazi ngumu. Mshike kwa kiganja chini ya kifua, mkono wa pili ubebe makalio, kwa maana akining'inia ataruka na anaweza kuvunjika mgongo. Kisha bonyeza taratibu sana kwa kidole juu kidogo ya tundu la mkojo: kwa dume, uume hujitokeza, kwa jike huoni kitu hicho, na umbo la sehemu yenyewe hufanana na herufi Y. Watoto nao huzaliwa wakiwa na manyoya na macho yaliyofunguka, hivyo watu hudhani wako tayari kuondoka wakiwa na siku chache tu. Waache wanyonye wiki tatu, halafu watoe madume mara moja, maana majike wadogo wanaweza kushika mimba wakiwa na umri wa mwezi mmoja hivi.

Kuhusu kuchinja, nitakujibu kama ninavyoamini. Mimi mwenyewe nawafuga kwa ajili ya nyama na sioni aibu, lakini dende waliopewa majina na watoto wako si sawa na wale wa bandani kwangu. Una haki kamili ya kusema, "Hawa ni wa kulelewa," na mtu muungwana atakubali au atakataa papo hapo. Usinyamaze ukitumaini kwamba ataelewa mwenyewe. Muombe pia akuonyeshe mahali watakapolala kabla hujawatoa nyumbani; asiyetaka kukuonyesha amekwisha kukujibu.

Mwanafunzi wa udaktari wa mifugo (Lubumbashi)

Naunga mkono maneno ya mzee wetu wa Kabare, nami naongeza jambo ambalo wapokeaji wengi hawalijui. Mwili wa dende, kama mwili wa binadamu, hauwezi kujitengenezea vitamini C, kwa hiyo dende anayelishwa pumba au mabaki ya ugali peke yake huugua polepole: manyoya husimama ovyo, viungo huvimba, ufizi hutoa damu, na hatimaye hushindwa hata kutembea. Yule uliyemkuta kwenye ndoo, Mama, huenda alikuwa ameanza safari hiyo. Kwa siku dende anahitaji miligramu 10 hadi 30 za vitamini hiyo kwa kila kilo ya uzito wake, na jike mwenye mimba apewe kiwango cha juu. Kipande cha pera au cha pilipili kubwa isiyo kali kila siku kinasaidia sana, lakini chakula chenyewe kiwe nyasi, nyingi na wakati wote, kwa sababu meno yake hayaachi kukua na bila kutafuna nyasi hayasagiki.

Mpe matembele bila wasiwasi, lakini majani ya viazi mviringo yana sumu, na avokado pia asipewe. Akiugua, mtu asimnyweshe amoxicillin iliyobaki nyumbani: dawa za jamii ya penicillin huua vijidudu vyema vya tumbo lake na zinaweza kumuua mwenyewe.

Na usimpe mtu dende mmoja peke yake. Hapa Lubumbashi niliwahi kuitwa na familia iliyokuwa na hamsta (panya wadogo wa kufugwa) wawili katika kizimba kimoja, nikakuta mmoja ameng'atwa vibaya sana, maana hamsta wakubwa wa asili ya Siria hukaa kila mmoja peke yake. Dende ni kinyume chake: akikosa mwenzake hunyong'onyea. Toa majike wawili wawili, au dume mmoja aliyehasiwa pamoja na jike.

Mama wa Keshero (Goma)

Dada, karibu Goma. Mimi nina kiwanja na banda la mbao lililoinuliwa juu ya ardhi, mbali na jiko. Huku kwetu chini ni mawe ya volkano na nyasi hazioti kirahisi. Nanunua fungu kila asubuhi, kwa hiyo siwezi kuahidi zaidi ya wawili. Nitapokea majike wawili waliozoeana, na watoto wako watakuja kuwaona Jumapili wakitaka. Ukivuka Ziwa Kivu kwa boti, waweke ndani ya kikapu chenye matundu na nyasi ndani, mahali penye kivuli.

Mama wa Ibanda (Bukavu)

Nawashukuru kwa moyo wote. Jana jioni tuliwakagua mmoja mmoja, binti yangu akishika taa: madume wanne na majike watano, na sasa wanalala katika mabanda mawili. Majike wawili wana tumbo zito, kwa hiyo hao sitawatoa hadi wazae na watoto watimize wiki tatu. Dada yangu wa Bagira amekubali kuwatunza nikishaondoka, na tayari nimeliona banda lake. Wawili wengine, ambao nitawachunguza tena kabla ya safari, ni wa Mama wa Keshero. Bado natafuta nyumba kwa ajili ya jike mmoja na madume wanne. Daktari, hapa Bukavu nimuulize nani anayejua kuhasi dende?

Mwanafunzi wa udaktari wa mifugo (Lubumbashi)

Mama, muulize daktari yeyote wa mifugo kwanza kama amewahi kuhasi dende au sungura, na ni dawa gani ya usingizi anayotumia. Akisema hatumii, achana naye. Jike yule wa tano usimtoe peke yake. Aende Bagira pamoja na wale wawili.