Mafaili ya siri ya wafanyakazi wa serikali, wabunge waonyeshwe?

MjaWaMkomani: Salaam wana Amu (Lamu). Jana barazani ubishi ulitukolea mpaka adhana ya isha. Kamati ya bunge ikitaka yale mafaili ya watu waliopigwa msasa kabla ya kupewa kazi nyeti, serikali itoe ama inyime? Mimi nasema itoe. Kifungu cha 125 cha Katiba ya Kenya chaipa kamati nguvu za Mahakama Kuu, yaita mtu yeyote na kudai hati, sasa wamfiche nani tena?

DadaShela: We hujui mle ndani mna nini. Nilipoomba kazi ofisi fulani kuna jamaa alipita mtaani kuniulizia, narudi saa ngapi usiku, nani hunitembelea, akamuuliza mpaka jirani niliyegombana naye kwa maji ya paipu yamwagikayo ukutani kwake, huyo wadhani alisema nini? Na yote yaandikwa. Apewe mheshimiwa, kampeni ikifika utayasikia kwa kipaza sauti pale uwanja wa Mkunguni. Kifungu cha 31 nacho ni katiba, faragha ya mtu.

MzeeJahazi: Wanangu haya Marekani walishayapitia. Machi 1948 rais Truman aliamuru mafaili ya uchunguzi wa uaminifu wa watumishi kwa nchi yasipelekwe Congress, bunge lao, akasema lazima watoa habari wafichwe na watumishi wakingwe na tuhuma zisizo na msingi. 1950 seneta McCarthy akaja na madai kwamba wizara ya mambo ya nje ina wakomunisti, Truman akalegeza kidogo, kamati ya seneta Tydings iliyochunguza madai hayo ikayasomea ikulu, White House. Unafikiri McCarthy alitosheka? Akadai yamenyofolewa karatasi!

Kibe254: Mzee sawa lakini yakifungwa kabisa, idara ikimpitisha mtu kwa kujuana ama ikimnyima kazi kijana wa watu kwa sababu ya kabila au kwao alikotoka, nani atajua? Huku kwetu twajua kuhojiwa, hata ukitaka kitambulisho tu. Wasomee chumbani, simu zibaki nje, jina la aliyetoa habari lifutwe, kopi hakuna. Kopi ndio hatari, 2015 huko huko Marekani iligundulika wadukuzi wameiba rekodi za uchunguzi za watu milioni 21.5 na hazikuibwa bungeni.

MjaWaMkomani: Chumbani nakubali. Na MCA, wajumbe wa bunge la kaunti, je? Kifungu cha 195 chawapa nguvu hizo hizo.

DadaShela: MCA mimi sitaki hata kusikia 😂 Halafu mwenyewe mwenye faili mbona hamumtaji? Sheria ya data ya 2019 yanipa haki ya kuona nilivyoandikwa, ila ukiguswa usalama wa taifa idara yasamehewa kunionyesha, kwa hiyo mbunge asome mimi nisisome?