Kontena la kahawa limefika na ukungu, bima wamekataa klemu yetu

mkahawa_mbozi:
Wakuu habari za leo, naombeni msaada maana usingizi umepotea. Kikundi chetu tulituma kontena la futi 20, magunia 320 ya kilo 60, kahawa ya Mbozi safi kabisa, ikashuka Dar kwa lori, ikapakiwa kontena huko huko ikapanda meli kwenda Hamburg. Bima tulikata ile ya klozi A, yale masharti mapana ya bima ya mizigo, broka (dalali wa bima) akatuambia hii inalipa kila kitu. Kufungua kule magunia ya juu yamelowa, yana ukungu, yananuka. Bima wanasema kahawa imejiharibu yenyewe kwa unyevu wake. Sasa mbona huku haikuwa na ukungu, si bahari hiyo? Sheria inaangaliaje chanzo cha hasara?

mzee_wa_uyole:
Pole sana mdogo wangu. Hiyo klozi A hailipi kila kitu, soma sehemu ya wasivyolipa: mzigo kuharibika kwa asili yake, kufungasha vibaya, na kuchelewa hata kama kilichochelewesha kimekatiwa bima. Chini kabisa imeandikwa inafuata sheria ya Uingereza, kwahiyo kifungu cha 55 cha sheria yao ya bima ya baharini ya 1906 kinakuhusu: bima analipa kama chanzo cha karibu cha hasara ni hatari iliyokatiwa bima. Ila hiyo "karibu" usiihesabu kwa saa. Kuna meli ya Ikaria, 1915 ilipigwa torpido (bomu la kupita majini) wakati wa vita karibu na Le Havre, Ufaransa, ikavutwa mpaka bandarini, dhoruba ikaja ikawa inajigonga gatini, wakaihamisha, huko maji yakipwa inakaa chini yakijaa inaelea, mwisho ikavunjika mgongo ikazama. Bima yake ilikuwa haihusu vita, wenye meli wakasema imezamishwa na bahari. Mwaka 1918 mahakama ya juu kabisa ya kule ikasema hapana, ni torpido, maana tangu ipigwe haikuwahi kutoka kwenye hatari ile. Wanatafuta kilichofanya kazi ya kuharibu, sio kilichokuja mwisho.

dada_kliaringi:
Kaka hiyo bahari usiikimbilie bila ushahidi. Savea, yule mkaguzi wa mzigo ulioharibika, alipima nini? Huwa wanadondosha nitrati ya fedha kwenye gunia lililolowa, ikigeuka nyeupe kama maziwa hiyo ni chumvi, maji ya bahari. Na anaingia mtu ndani ya kontena wanamfungia milango aone kama mwanga unapenya kwenye tundu. Kama vyote hamna basi ni jasho la kontena, yaani unyevu wa humo humo ndani unaoganda darini na kudondoka, na hapo kuna kesi ya 1990 ya glavu za ngozi kutoka Calcutta kwenda Rotterdam, unyevu ulitoka kwenye glavu zenyewe ukapanda darini ukadondoka ukazilowesha, mwenye mali akakosa.

mkahawa_mbozi:
Dada umenigusa. Ripoti inasema hakuna chumvi wala tundu. Lakini cheti cha Mbozi kinasoma unyevu asilimia 11.5, yaani ilitoka kavu, na lori lililala foleni mlima Kitonga usiku mzima mvua inanyesha, tingo anasema turubai lilichanika huku juu!!

mzee_wa_uyole:
Mbona hukuanza na hilo? Angalia kama bima yako inaanzia ghalani. Kama ndiyo, mvua ya Kitonga ni ajali ya njiani, ule unyevu sio asili ya kahawa yako, na wao ndo wanatakiwa kuthibitisha kwamba mzigo ulijiharibu. Ila jiandae, watauliza kwanini Dar mlipakia magunia mabichi, na zikionekana sababu mbili zenye nguvu sawa halafu moja mkataba umeikataa, mnakosa. Kuna aliyepima unyevu Dar kabla ya kufunga kontena?

mkahawa_mbozi:
Mtu wa ghala alipima, nampigia sasa hivi, na tingo ana picha za turubai kwenye simu. Ndaga fijo, asanteni sana wazee wangu.

dada_kliaringi:
Picha akutumie zile zenyewe zenye tarehe, asizipitishe WhatsApp.